Sikiliza Kwanza, Ndipo Uandike

Makambako ni mji wa njia panda. Barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Mbeya na Tunduma inapita hapo, na papo hapo inachepuka ile ya Njombe hadi Songea. Reli ya TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi nchini Zambia, ina stesheni yake mjini humo. Ujenzi wake ulikamilika mwaka 1975. Malori ya mizigo ya Zambia, Malawi na Kongo hayakatiki. Madereva wanashuka kula, utingo wanakagua matairi, wenye gesti wanapokea wageni ambao Kiswahili chao kinaishia kwenye "jambo". Ukishika njia ya Njombe, kilomita 60 hivi mbele, umeingia nchi ya baridi, chai, viazi, mbao na, siku hizi, parachichi.

Kiingereza huku hakikai shuleni tu. Kimeandikwa kwenye kibandiko cha dawa ya kunyunyizia shamba, kwenye hati ya mzigo, kwenye ujumbe wa mnunuzi aliyeko ng'ambo, na kwenye daftari la mtoto wa kidato cha kwanza anayeomba asaidiwe kazi ya nyumbani. Anayekutana nacho mara nyingi ni mtu mzima aliyemaliza darasa la saba zamani, akaendesha shughuli zake zote kwa Kiswahili na Kibena, na hakupungukiwa kitu. Soko lilipobadilika akajikuta mgeni wa lugha, tena akiwa kwao.

Mtu huyo akiamua kujifunza, atakutana na walimu wa namna mbili. Mmoja atamjazia ubao kanuni za sarufi hadi mkono wa kunakili uchoke. Mwingine atamwambia azungumze tu, makosa yatajirekebisha yenyewe. Ipo njia nyingine, kongwe na ya bei nafuu kuliko hizo, isiyodai kitabu, projekta wala umeme. Ni imla: mwalimu anasoma, wanakisomo wanasikiliza na kuandika. Inastahili kurudishwa katika madarasa ya watu wazima, ila kwa sura tofauti na ile ambayo wengi wanaikumbuka.

Maana wengi wanaikumbuka kwa hofu. Mtihani wa taifa wa darasa la nne una sehemu ya imla, ya Kiswahili na ya Kiingereza. Msimamizi anasoma, watoto wanainamia karatasi, na baadaye inakuja kalamu nyekundu. Aliyepata moja kati ya tano akiwa na miaka kumi hasahau. Mchukue mama wa miaka 45, mwenye shamba lake na wajukuu, umrudishie karatasi iliyochorwachorwa nyekundu mbele ya vijana wa rika la wanawe. Jioni inayofuata hutamwona. Wala imla yenyewe haina hatia hapo. Hatia iko kwenye kile mwalimu anachokifanya na karatasi baada ya kuandikwa.

Chukua sentensi moja ya Makambako. Mwalimu anasoma kwa mwendo wa kawaida: "The lorry left Makambako at six and the driver has not called." Lori limeondoka Makambako saa kumi na mbili, na dereva hajapiga simu. Sasa ziwekwe mezani karatasi mbili za mfano, za aina ambayo mwalimu yeyote wa Kiingereza nchini atazitambua. Ya kwanza imeandikwa hivi: "The lori lefti Makambako at siksi and the draiva has not kolid." Ya pili hivi: "The lorry let Makambako at sixty, the driver has no cold."

Kwa usahihishaji wa mazoea, karatasi ya pili ndiyo inayoshinda. Kila neno lake limo kwenye kamusi, wakati ya kwanza ina makosa matano ya tahajia yanayoonekana kutoka mlangoni. Lakini zisomwe tena taratibu. Aliyeandika ya kwanza amesikia kila kitu: lori, kuondoka, saa, dereva, na kwamba simu haijapigwa. Akiambiwa maneno hayo kwa simu, mzigo wake hautapotea. Anachokosa ni desturi ya Kiingereza ya kuandika sauti hizo, na desturi hiyo inafundishika; ataanza na maneno ya kazi yake, kumi leo na kumi kesho kutwa. Aliyeandika ya pili anaijua tahajia, ila lori lake limeondoka saa sitini na dereva wake hana mafua. Huyo anahitaji mazoezi ya sikio kabla ya kitu kingine chochote.

Watu wawili, mahitaji mawili, na mwalimu ameyajua kwa sentensi ya maneno kumi na mawili. Hakuna zoezi la kuchagua A, B, C au D linaloweza kumwonyesha hayo kwa muda mfupi namna hiyo. Karatasi ya imla inapaswa kusomwa kama daktari anavyosoma majibu ya maabara, kujua tatizo liko wapi. Alama inaweza kusubiri, na kwa darasa la watu wazima inaweza isitolewe kabisa.

Marekani wameuingiza mtazamo unaokaribiana na huo katika taratibu za kiserikali, na jambo hili linawagusa Waswahili moja kwa moja. Maelfu ya Warundi waliokimbia kwao mwaka 1972 na kuishi Tanzania kwa zaidi ya miaka 30 walihamishiwa Marekani kuanzia mwaka 2007 hivi. Baadaye wakafuata maelfu ya Wakongo waliokuwa kambi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma. Wengi wao ni wazungumzaji wa Kiswahili. Mgeni wa namna hiyo akitaka uraia, anakaa mbele ya ofisa wa uhamiaji, na sehemu mojawapo ya usaili ni imla: ofisa anasoma sentensi ya Kiingereza, mwombaji anaiandika. Ana nafasi tatu. Akiandika sentensi moja sawasawa kati ya hizo, amepita. Orodha ya maneno yatakayotumika imetangazwa wazi, yakiwemo majina ya marais wa mwanzo na ya baadhi ya majimbo. Na kanuni inasema mtu hafeli kwa sababu ya tahajia, herufi kubwa au alama za uandishi, ila pale makosa yanapomzuia msomaji kuelewa maana. Walimu wanaofundisha wakimbizi watu wazima huko hufanya imla mwaka mzima wakijua kwamba siku moja itakuwa mlango wa nchi.

Lakini kwa nini mzungumzaji wa Kiswahili anajikwaa palepale kila mara? Kiswahili kina irabu tano, na kila moja inatamkwa kama ilivyoandikwa. Kiingereza cha Uingereza, kama vitabu vya fonetiki vinavyokieleza, kina sauti za irabu zipatazo 20 zinazogombea herufi zilezile chache. Ndiyo maana "ship" ya baharini na "sheep" wa zizini vinaingia sikioni kama kitu kimoja, na "work" inapishana na "walk". Silabi nazo zina mambo yake. Silabi ya Kiswahili inapenda kuishia kwenye irabu, kwa hiyo "left" inaongezewa mkia na kuwa "lefti", na "six" inakuwa "siksi". Kubwa kuliko yote, Kiingereza cha mdomoni kinameza maneno madogo. Neno "and" linabaki sauti moja ya puani. "Of" inapotea katikati ya majirani zake. Aliyejifunza kwa kunakili ubao anangojea kila neno lije peke yake, na nafasi yake mbele na nyuma, kama lilivyo kwenye maandishi. Halitakuja hivyo. Mzambia aliyeegesha lori pale mizani hatamtenganishia maneno.

Mtu mzima wa Njombe ana nguvu ambayo haisemwi vya kutosha: amekwisha kujifunza lugha ya pili. Mbena, Mkinga, Mpangwa au Mhehe aliyekulia kijijini alikiongeza Kiswahili juu ya lugha ya mama, na wengi wanaendelea kuvuka kutoka moja kwenda nyingine ndani ya maongezi mamoja, wanaanza na "kamwene" na kumalizia na bei ya gunia. Sikio lake limezoea kazi hiyo. Anachohitaji ni kupewa sauti nyingi za kusikiliza na muda wa kuzitafakari, na imla inatoa vyote viwili.

Wataalamu wa kufundisha lugha hawakuiheshimu imla siku zote. Mwaka 1961 Robert Lado, aliyekuwa miongoni mwa wakubwa wa upimaji wa lugha nchini Marekani, aliandika kwamba haipimi kitu cha maana: maneno mwanafunzi kapewa, mpangilio wake kapewa, kilichobaki ni tahajia. Hoja hiyo ilipunguza sana heshima ya imla. Miaka kumi baadaye, John Oller wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, alichunguza mtihani wa kuwapanga wanafunzi wa kigeni chuoni hapo akakuta kwamba sehemu ya imla iliafikiana na matokeo ya jumla kuliko sehemu nyingine. Maelezo yake yalikuwa kwamba msikilizaji hanakili sauti. Anaelewa, anabashiri, anajenga sentensi upya kichwani, ndipo anaandika. Kama hajui lugha, hana cha kujengea.

Hapo inaingia habari ya kumbukumbu. Mwanasaikolojia George Miller alionyesha mwaka 1956 kwamba kumbukumbu ya muda mfupi inashika kama vitu saba, ikizidi au kupungua viwili. Mwalimu akisoma neno moja, akasubiri, akasoma jingine, mwanafunzi anaweza kuandika ukurasa mzima bila kuelewa chochote. Kila neno anamudu kulishika kama sauti tupu. Akisoma kipande cha maneno sita au saba kwa mkupuo, sauti tupu zinamzidi. Analazimika kukishika kipande kwa maana yake. Tofauti kati ya imla inayofundisha na imla inayochosha iko hapo kwa sehemu kubwa, na walimu wengi wenye huruma wanaikosa kwa sababu wanadhani kumsomea mwanafunzi neno kwa neno ni kumsaidia.

Usomaji uliozoeleka ni wa mara tatu. Mara ya kwanza habari nzima inasomwa kwa mwendo wa kawaida na kalamu ziko mezani. Watu wanasikiliza tu wajue habari inahusu nini. Mara ya pili inasomwa kwa vipande, na mwalimu anatulia kila baada ya kipande watu waandike. Mara ya tatu inasomwa nzima tena, watu wanapitia walichoandika. Kisha kila mmoja anajisahihisha mwenyewe kwa kulinganisha na maandishi yaliyo ubaoni. Hakuna karatasi inayokusanywa.

Mwaka 1988 Paul Davis na Mario Rinvolucri walichapisha Cambridge kitabu kizima cha namna mpya za imla, na swali linalopita katikati ya mazoezi yao ni la madaraka: nani anasoma, nani anachagua habari, nani anasahihisha? Kwa nini daima awe mwalimu? Miaka miwili baadaye, Ruth Wajnryb wa Australia alitoa kitabu chake Oxford akifafanua imla ya kujenga upya. Hii, kwa watu wazima wa Njombe, pengine ndiyo yenye faida kubwa kuliko zote, na inafaa kuonyeshwa hatua kwa hatua.

Mwalimu anaandaa habari fupi kutoka kwenye shughuli za wanafunzi wenyewe. Iwe ya parachichi: "The buyer checks each fruit and weighs the crates. Fruit that has fallen on the ground is not accepted. The farmer signs the form and keeps one copy." Mnunuzi anakagua tunda moja moja na kupima kreti, lililodondoka chini halipokelewi, mkulima anasaini fomu na kubaki na nakala. Kabla ya kusoma, darasa linapewa maneno mawili matatu mapya. Kisha mwalimu anasoma mara mbili bila kukatisha, kwa mwendo wa kuzungumza. Hakuna anayeweza kuandika yote, na ndivyo inavyotakiwa. Kila mtu anadaka maneno anayoyaweza: buyer, fruit, ground, form.

Baada ya hapo watu wanajikusanya watatu watatu na kuijenga habari upya kwa kuunganisha walichodaka. Mmoja ana "ground", mwingine ana "accepted". Ubishi unaanza, kwa Kiswahili, na mwalimu mwenye busara anauacha. Kundi moja linaandika "Fruit that fall on the ground is accept." Kundi la jirani lina "is not accepted." Sasa kuna swali la fedha darasani: lililodondoka linapokelewa au halipokelewi? Wote wanajua jibu kutoka shambani, kwa kuwa wamewahi kurudishiwa matunda. Ujuzi wao wa kazi unawafundisha sarufi: lazima "not" iwepo, hata kama sikio liliikosa. Na aliyeandika "accept" anauliza kwa nini ile karatasi nyingine ina mkia wa "ed". Hapo mwalimu akieleza kanuni, anaeleza jambo lililoulizwa. Dakika tano za sarufi iliyoombwa zinamfaa mtu mzima kuliko saa nzima ya sarufi aliyomwagiwa.

Habari ya mnunuzi na mkulima inaweza kubadilishwa kwa kila kundi la watu. Kwa wenye gesti, mgeni anauliza kama kuna maji ya moto. Kwa mama lishe, dereva anaagiza wali bila pilipili. Kwa fundi wa mbao, mteja anataja vipimo. Vitabu vingi vya Kiingereza vya wanaoanza vimejaa safari za ndege na mahoteli, na kwa mtu wa Wanging'ombe, mkoani Njombe, maneno hayo hayatatumika hata mara moja hadi yatakaposahaulika.

Njombe ina baridi kali, hasa mwezi Juni na Julai, na jioni darasani miguu inakufa ganzi. Kwa msimu huo ipo imla ya kukimbia. Mwalimu anabandika habari ukutani nje ya mlango. Watu wanakaa wawili wawili. Mmoja anakwenda nje, anasoma kipande, anakishika kichwani, anarudi na kumwambia mwenzake, ambaye anaandika. Akisahau, anarudi nje. Nusu ya habari ikiisha wanabadilishana. Zoezi hilo moja lina kusoma, kukumbuka, kutamka, kusikiliza na kuandika, na lina kicheko. Wazee wasioweza kukimbia wanatembea. Hakuna zawadi ya kasi. Aliyeogopa kuzungumza Kiingereza mbele ya darasa anajikuta akikitamka mara ishirini kwa mwenzake mmoja bila kujali, maana asipotamka vizuri mwenzake ataandika kitu kingine.

Kuna imla ya tarakimu, na kwa wafanyabiashara hii isingojee somo la kumi. "Thirteen" na "thirty" zinatofautiana kwa mkazo na kwa sauti moja ya mwisho, lakini kreti 13 na kreti 30 haziingii kwenye gari moja. Mwalimu anasoma bei, uzito, namba za simu, namba za magari. Wanafunzi wanaandika tarakimu tu. Tahajia haimo, kwa hiyo hata anayeandika kwa shida anaweza kupata zote. Baada ya hapo zinakuja saa. Mwalimu anasoma "a quarter past seven in the morning" na darasa linaandika saa ya Kiswahili, saa moja na robo. Akisema "six", waandike kumi na mbili. Mtu mwenye Kiingereza kizuri kabisa anaweza kukosa lori kwa sababu ya saa sita hizo zinazopishana, na hakuna zoezi linaloikaza tofauti hiyo kuliko kuisikia kwa lugha moja na kuiandika kwa nyingine.

Yapo mazingira ambamo imla ni kazi yenyewe, wala si zoezi. Katika reli nyingi duniani, kabla mitambo ya kisasa haijashika nafasi, ruhusa ya treni kuingia njiani ilisomwa kwa simu. Aliyeipokea aliiandika na kuirudia yote kabla gurudumu halijazunguka. Marubani hurudia maelekezo ya mnara hadi leo. Muuguzi anayepokea agizo la dawa kwa simu anatakiwa aliandike na kulisoma tena kwa daktari. Kusikia sawasawa, kuandika na kurudia ni nidhamu ya watu ambao kosa lao lina gharama, na karani wa mizigo wa Makambako hayuko mbali nao.

Tanzania ina msingi wa kusimamishia kazi hii. Sensa ya 1967 ilionyesha kwamba takriban theluthi mbili ya watu wazima hawakujua kusoma na kuandika. Mwalimu Nyerere akautangaza mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, zikafuata kampeni za redio na vikundi vya kusikiliza, ikiwemo ile ya "Mtu ni Afya" ya 1973, na madarasa ya ngumbaru chini ya miti na ndani ya maghala. Kufikia 1986 takwimu za serikali zilisema wasiojua kusoma wamebaki kama mmoja kati ya kumi. Watu walikusanyika kuizunguka redio, wakasikiliza kwa makini, wakajadili na kuandika. Desturi ya kujifunza kwa sikio si ngeni nchini.

Njombe yenyewe ina jina katika historia ya mjadala wa lugha. Jackson Makweta, aliyekuwa mbunge wa Njombe na Waziri wa Elimu, ndiye aliyeongoza tume ya rais ya elimu iliyotoa taarifa yake mwaka 1982. Tume ilipendekeza Kiswahili kitumike kufundishia sekondari kuanzia 1985, na Kiingereza kifundishwe vizuri zaidi kama somo. Sehemu ya kwanza haikutekelezwa. Mwaka 1984 wachunguzi wawili kutoka Uingereza, Clive Criper na William Dodd, walikuta kwamba wanafunzi wengi wa sekondari hawakuwa na Kiingereza cha kuwawezesha kufuata masomo yao. Waliokaa kwenye madawati hayo wakati ule ni watu wazima leo, wengine ni babu na bibi, na baadhi yao wanakirudia Kiingereza wakiwa na kumbukumbu ya kukinakili bila kukielewa. Kumpa mtu kama huyo ubao mwingine wa kunakili ni kumrudisha palepale alipoachwa.

Mahali pa kufundishia papo. Kuna Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, iliyopewa sheria yake mwaka 1975. Kuna vyuo vya maendeleo ya wananchi, vilivyoanza katika miaka hiyohiyo kwa msaada wa Sweden. Mkoani Njombe kuna chuo cha Njombe na cha Ulembwe. Kupitia vyuo hivyo mpango wa Elimu Haina Mwisho umewafungulia wanawake vijana waliokatiza masomo nafasi ya kurudi kusoma sekondari pamoja na ufundi. Anayerudi kwa njia hiyo anakutana na Kiingereza katika karibu kila mtihani, si katika somo lake peke yake, na mwalimu wa baiolojia anaweza kuanza kipindi kwa imla ya sentensi tatu za mada ya siku kama afanyavyo mwalimu wa lugha.

Walimu wengi wanasitasita kwa sababu ya lafudhi zao. Wanadhani sauti ya kusoma imla lazima itoke London. Wasiwasi huo hauna msingi mkubwa. Kiingereza kinachosikika Makambako kinatoka vinywani mwa Wazambia, Wamalawi, Wahindi, Wachina na Watanzania wenzao, na sikio linalofundishwa na sauti moja ya redio litababaika likikutana nao. Mwalimu asome kwa sauti yake, kwa uwazi, akitofautisha "left" na "let". Siku nyingine amwalike mwalimu mwenzake asome. Wiki nyingine acheze rekodi. Sauti zikiwa nyingi, sikio linajifunza kuchuja.

Imla ina mipaka yake nayo isemwe wazi. Asiyejua kuandika Kiswahili aanze na kusoma na kuandika kwa Kiswahili. Kumbebesha herufi na lugha ngeni kwa pamoja ni kumwonea. Waliozidi miaka 40 wengi wanahitaji miwani ya kusomea, na mwalimu asipouliza, atadhani mtu ni mzito wa kuelewa kumbe haoni mstari. Wenye masikio dhaifu wakae mbele. Na kati ya Novemba na Aprili kuna adui anayejulikana na kila aliyewahi kufundisha chini ya bati: mvua ikianza kupiga, sauti ya mwalimu haifiki hata kiti cha pili. Hapo imla ya mwalimu inageuzwa kuwa ya wawili wawili. Habari inakatwa nusu kwa nusu, kila mmoja ana nusu yake, wanakaa bega kwa bega na kusomeana sikioni hadi kila mmoja awe na habari kamili.

Nje ya darasa kuna simu. Wanafunzi wawili wa darasa moja, mmoja Njombe mjini na mwenzake Makambako, wanaweza kufanya imla kila jioni kupitia WhatsApp. Wa kwanza anarekodi ujumbe wa sauti wa sentensi mbili: aina ya mzigo, idadi, saa ya kuondoka. Wa pili anausikiliza mara atakazo, anaandika kwenye daftari, anapiga picha ukurasa na kuurudisha. Wa kwanza anaona kilichosikika na kisichosikika. Wakati mwingine kosa ni la mwandishi. Wakati mwingine ni la msemaji aliyemeza "t" ya mwisho, naye anarekodi upya.